Kabla hujaleta mfumo, omba uone kaunta buku

Mwezi huu vijana wawili wamenipigia simu kuniuliza jambo lilelile. Wote wamepata kazi ya ushauri elekezi kwenye miradi ya kuboresha huduma za umma kwa TEHAMA, mmoja Iringa na mwingine Songwe, na wote wanaomba niwatumie mfano wa ripoti ya awali. Nimewatumia. Ila ripoti ya awali haijawahi kumwokoa mtu, kwa hiyo hapa naandika yale niliyoyajua kwa kuchelewa.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mfumo wa kupokea malalamiko ya wananchi, katika halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini ambayo jina lake nitaliacha. Mwananchi anatuma ujumbe bila kukatwa salio, unaingia kwenye kompyuta ya halmashauri, unapewa namba, unapelekwa idara inayohusika. Tulifanya mafunzo siku tatu hotelini. Tulikula kuku, tulisaini posho, tulipiga picha ya pamoja kwenye ngazi. Miezi mitatu baadaye nikafungua kompyuta kuangalia kata moja ya milimani: malalamiko manne. Mawili nilikuwa nimeyatuma mimi mwenyewe siku ya majaribio. Kwenye ripoti nikaandika kwamba mwitikio wa wananchi unaendelea kukua. Mungu anisamehe.

Nilipanda kule kwa bodaboda kutafuta maneno ya kujazia ripoti inayofuata. Ilikuwa siku ya gulio na benchi la ofisi ya kijiji limejaa. Mtendaji, dada mmoja mwenye sweta zito juu ya kitenge, aliniambia, "Kaka, kaa hapo kwanza niwamalize hawa." Nikakaa zaidi ya saa mbili. Kila aliyeingia, mtendaji alifungua kaunta buku la kwaya nne lililofunikwa kwa gazeti, akaandika tarehe, jina, kitongoji na shida, na mwishoni mtu akaweka sahihi au dole gumba. Watu walipoisha nikaomba nilione. Katika miezi ileile mitatu, malalamiko yalikuwa yamejaza kurasa kumi na moja.

Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kipande cha shamba la viazi alikuwa bado yuko nje. Nikamuuliza kwa nini hakutuma ujumbe, maana namba imebandikwa pale pale mlangoni. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Mwanangu, shamba anataka kuliuza baba watoto. Na simu ni ya baba watoto. Sasa hapo namtumia nani?"

Hadidu zangu za rejea, ile karatasi inayoeleza kazi niliyopewa, zilikuwa na neno "jumuishi" karibu kila ukurasa. Hakuna hata mstari mmoja uliouliza simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa nani.

Tangu siku ile, nikifika kijiji kipya, kitu cha kwanza ninachoomba baada ya salamu na kusaini kitabu cha wageni ni daftari. Si sera wala mpango mkakati. Lisome taratibu, utaona vitu ambavyo mchambuzi wa mifumo hawezi kuviwaza akiwa mjini. Pembeni ya jina mtendaji ameandika "mjane", au "kaja na mjukuu wa kumtafsiria", kwa sababu wapo bibi zetu wa Kisafwa na Kikinga ambao Kiswahili cha ofisini kinawapita juu. Utaona majira ambayo ofisini hakuji mtu kwa sababu wote wako shambani wanapanda, na utaacha kuitisha mikutano ya wadau mwezi wa kumi na mbili. Utaona jina moja limerudi mara nne na shida ileile. Mtendaji huyo amekwisha kukufanyia nusu ya utafiti, na hakulipwa senti.

Lakini daftari nalo usilifanye mtakatifu. Wanaomlalamikia mtendaji mwenyewe hawamo, na hawawezi kuwemo. Katika kijiji cha jirani nilikuta karatasi mbili zimechanwa kwa ustadi kiasi kwamba bila kuhesabu usingejua. Hapo ndipo ujumbe wa simu unapata kazi yake: kwa mtu anayemlalamikia mwenye kalamu. Mengine tuliyaacha daftarini. Mtendaji akawa anayaingiza mara moja kwa wiki kwa kitochi chake, kisha anaandika namba ya kumbukumbu pembeni ya jina, ili mama akirudi gulio lijalo aulizie kwa namba. Afisa TEHAMA alinung'unika kwamba tunafanya kazi moja mara mbili. Alikuwa sahihi, na sikubadilisha kitu, maana ile mara ya pili ndiyo iliyomleta yule mama kwenye kompyuta ya halmashauri.

Kinachowaponza washauri wengine ni kujenga kilichokwisha kujengwa. Wengi wanakuja na picha ya serikali ya makaratasi matupu, na sivyo ilivyo. Malipo ya serikali kwa kontrolo namba yamekuwepo tangu 2017. Leseni za biashara na tozo za halmashauri ziko kwenye mfumo wa TAUSI. Zabuni za umma zilihama mfumo wa zamani wa mtandaoni, TANePS, kwenda mpya, NeST, mwaka 2023. Hata mwenye kitochi anaweza kubonyeza nyota 152 nyota 00 reli akapata huduma za serikali. Ipo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao yenye viwango vya namna mifumo inavyotakiwa kujengwa na kusomana. Pamoja na hayo yote nimeshuhudia mradi ukileta mfumo wa pili wa mapato kwenye halmashauri yenye wa kwanza unaofanya kazi. Mhasibu akawa anaingiza risiti moja mara mbili, na jioni anabaki ofisini kutafuta wapi zimepishana. Ukiona hadidu za rejea zinasema "kusanifu mfumo", uliza kwa upole kama haziwezi kusema "kuusaidia uliopo". Utapoteza siku kadhaa za malipo. Zipoteze.

Halafu kati ya mfumo na mwananchi yupo mtu ambaye hachorwi kwenye mchoro wowote: kijana wa steshenari. Sheria za manunuzi zinataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni zinaombwa mtandaoni. Kikundi kimoja cha akina mama mafundi cherehani wa Kilolo walinisimulia safari yao. Nauli hadi Iringa mjini, steshenari jirani na stendi, elfu kumi ya kufunguliwa akaunti ya kuombea zabuni. Kijana akatumia barua pepe yake mwenyewe kwa kuwa wao hawakuwa nayo, na neno la siri akaliweka yeye. Baada ya muda akahamia Tunduma kutafuta maisha. Zabuni ya kushona sare ilipotoka, kikundi kilikuwa na cherehani nne, usajili halali, na hakikuwa na mlango wa kuingilia. Walimpata mwishowe, kupitia shemeji wa mtu.

Kijana yule simlaumu. Alitoa huduma ambayo hakuna ofisi iliyokuwa inaitoa, kwa bei ambayo watu waliikubali. Ushauri wangu ulikuwa kwamba afisa maendeleo ya jamii ashuke kwenye kata siku moja kila mwezi na kompyuta mpakato, afungue barua pepe ya kikundi chenyewe, na neno la siri liandikwe kwenye karatasi liingie kwenye sanduku la VICOBA, lile la akiba ya kikundi. Mtaalamu mmoja wa usalama wa mifumo alikunja uso: neno la siri kwenye karatasi! Nikamweleza kwamba sanduku lile lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila kikundi chote kikiwa kimekaa. Yeye mwenyewe neno lake la siri alikuwa amelihifadhi kwenye simu isiyo na neno la siri. Hata kikundi kinachotaka ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, nakishauri kianze na hilo sanduku.

Sasa vidole. Shangazi yangu wa Rungwe amechuma chai zaidi ya miaka thelathini. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, alishuka mjini mara mbili na mashine ikamkataa mara zote. Kijana mwenye mashine akamwambia, "Bibi, wewe huna vidole." Alicheka njia nzima kurudi nyumbani, na hakwenda tena. Laini yake tukaisajili kwa jina langu. Kwa hiyo siku ukiletewa takwimu za laini upige hesabu ya wanawake wa vijijini wenye simu, ujue kwamba kwenye hizo takwimu shangazi yangu ni mwanaume wa Mbeya mjini. Wahindi wamekutana na jambo hilihili kwenye Aadhaar, namba yao ya utambulisho wa taifa inayotumia alama za vidole, wazee na vibarua waliosuguliwa vidole na kazi wakikwama kwenye duka la mgao wa chakula. Swali la kuuliza mbele ya kila skrini ni moja: kidole kikikataa, mtu huyu anakwenda wapi? Ukijibiwa "aende wilayani", piga hesabu ya nauli, na siku ya kazi iliyopotea, na usiku kama basi ni moja tu la alfajiri.

Kuna kosa langu jingine naona aibu kulitaja. Niliwahi kubeba orodha ya kaya za vijiji sita, majina, umri, ulemavu, namba za simu, kwenye flashi, na flashi ikabaki kwenye Coaster kati ya Makambako na Njombe. Sikumwambia mtu. Wakati ule hatukuwa na sheria ya kunibana. Sasa ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Anayedhani hayo ni mambo ya wanasheria aangalie jirani zetu Kenya: Huduma Namba, mpango wao wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, ilianza kwa kishindo 2019, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa binafsi za watu haikufanywa kwanza. Kadi zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Nawe kabla hujakusanya safu ya "aina ya ulemavu", uwe unajua nani ataisoma na itafutwa lini. Kama hujui, usiikusanye.

Kuhusu ripoti, sitachukua muda. Andika ya mfadhili kwa Kiingereza chake, kisha andika kurasa mbili za Kiswahili na omba dakika kumi kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango uzisome mwenyewe. Madiwani wataibana hoja yako kuliko mhakiki yeyote wa Dar es Salaam. Diwani mmoja mzee aliniuliza mfumo wangu utamsaidiaje kusoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni kila miezi mitatu, wakati kijijini hapo hakuna mashine ya kuchapa. Sikuwa na jibu. Tulirudi tukaongeza ukurasa mmoja ambao taarifa yake inatosha kunakiliwa kwa mkono kwenye ubao wa matangazo, na ndio ukurasa pekee wa mfumo ule ninaoambiwa bado unatumika.

La mwisho ni bando. Wakati wa mradi, bando linalipwa na mradi, na kila mtu anasema mfumo ni mzuri. Mradi ukifungwa, mtendaji ananunua kwa mshahara wake au hanunui. Muulize mkurugenzi, kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, bando limekaa kwenye kifungu gani cha bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Si "tutaliangalia". Kifungu. Muulize na chaji pia, kwa sababu paneli ya sola iliyofanya vizuri wakati wa majaribio mwezi wa tisa, ukungu na mvua za Machi zikishuka Makete au Rungwe itawasha taa kwa shida.

Ndiyo maana siku hizi nikijadiliana mkataba naomba siku kumi za kurudi, angalau miezi sita baada ya makabidhiano, na ziwe Machi au Aprili, barabara zikiwa mbovu kabisa. Mara nyingi wananikatalia, wanasema mradi utakuwa umefungwa. Mara mbili wamekubali. Mara ya kwanza nilikuta vishikwambi kumi na viwili vimelala kabatini kwenye maboksi yake, vimefungiwa na mtunza stoo mwadilifu sana aliyeogopa vitapotea. Tulivitoa, tukavigawa kwa kusaini, na ilichukua siku mbili tu kati ya zile kumi. Mkinyimwa kumi, ombeni tatu.