Kichwa cha treni ya Lionel kugoma kwenye nyutro
Kaka, kama hicho kichwa chako cha zamani cha treni ya umeme ya kuchezea ya Lionel taa inawaka ila hakitoki nyutro (hakiendi mbele wala nyuma), usikimbilie kufungua mota, kisikilize kwanza. Kikiwa kimya, angalia kale kaleva kadogo kanakotokeza juu ya bodi, huenda kamezima koili (sumaku ya umeme inayobadilisha mwelekeo) na kukifungia hapohapo nyutro, kageuze halafu kata umeme urudishe. Kikinguruma basi koili inapata umeme, ila kale kapipa ka kontakti kanakozungushwa na koili hakazunguki au kamechafuka, na kwa chumvi hii ya bahari yetu hapa Tanga shaba inaota kutu ya kijani haraka mno, zima umeme, safisha kwa spiriti na pamba, oili usitie hata tone. Vile vidole vya kontakti, yaani vibati vinavyogusa hako kapipa, ni vyembamba sana, nenda navyo taratibu tafadhali. Kikipona, kila ukikata na kurudisha umeme kinabadilisha: mbele, nyutro, nyuma, nyutro.