Siku Goti Likigoma, Nani Atakulipa?

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa natoa mipira ya kikapu kwenye wavu pale viwanja vya Mao Zedong, hapa Unguja. Akanijia mama mmoja, kijana wake nyuma. Kijana ana miaka 15 na kanipita kichwa kizima, na miye si mfupi. Mama hakuzunguka. "Mwanangu, mtaani kila mtu ananambia mtoto huyu mpeleke basketi, atakuja kuwa kama yule aliyecheza Marekani. Nambie kweli. Mtu anaishi kwa kazi hii?"

Nikamwambia amlete kijana Jumatatu, jibu nitampa siku hiyo. Nilikimbia swali, nakiri. Jibu lake ni refu, na nusu yake nimelilipia kwa goti langu la kushoto.

Nimecheza kikapu kwa pesa miaka tisa. Msinifikirie makubwa. Nilianza kwa kupewa nauli ya daladala na chupa ya maji, nikavuka bahari kuchezea klabu ya Dar es Salaam kwa posho, nikaenda nje ya nchi mara moja kwa majaribio, kisha nikarudi Unguja. Sasa nina duka la vipuri vya Vespa, na jioni nafundisha watoto. Basi haya ni maneno ya mtu aliyeishia katikati ya ngazi. Wachezaji wengi huishia hapo hapo, ila hakuna anayekuja kuwahoji.

Niseme kwanza la urefu, maana ndio unaowadanganya wazazi. "Yule aliyecheza Marekani" ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21. Alipata skuli Marekani, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut misimu mitatu, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wakamchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka ule. Aliyefuata wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Wote wawili wakaja kuwa nyota wakubwa. Msimu wake wa kwanza haujesha, Thabeet akashushwa ligi ya chini kwa muda apate dakika za kucheza. Baadaye akapita timu za Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 NBA ikawa imemalizika kwake.

Litaje jina lake barazani usikie vicheko, ati kashindwa. Miye sicheki. NBA ina timu 30, kila timu ina nafasi 15 za kawaida, yaani watu 450 dunia nzima. Mtu wetu kakaa humo misimu mitano, kisha kaendelea kulipwa kwa kucheza Japani na Taiwan. Anayemcheka hajawahi kulipwa hata soda kwa kucheza mpira. Ninalotaka wazazi waone ni jingine: Curry, aliyechaguliwa nyuma yake kwa nafasi tano, ana mita 1.88 tu. Urefu unakupitisha mlangoni. Ndani unawakuta warefu wenzako ambao wamelala na mpira tangu wana miaka sita.

Kwa hiyo kijana wa yule mama, miezi ya mwanzo, sitamsimamisha chini ya ringi hata kidogo. Atadunda mpira kwa mkono wa kushoto mpaka anichukie. Siku atakaponisema kwa wenzake kuwa namwonea wivu, ndo nitajua anaendelea vizuri.

Sasa pesa iko wapi? Hapa visiwani pesa ya uhakika ya mwanamichezo imekaa kwenye vikosi vya serikali. KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ, majina haya mnayajua kwenye mpira wa miguu, lakini na michezo mingine njia ni ile ile: ukionekana unafaa unaweza kuajiriwa, asubuhi unavaa magwanda, jioni unavaa bukta, na mwisho wa mwezi mshahara upo. Vijana wanaidharau njia hii, wanasema haina jina. Miye niliidharau nikiwa na miaka 21. Rafiki yangu tuliyekua naye Kikwajuni hakuidharau. Goti lake lilipochanika alitibiwa, akakaa nyumbani miezi kadhaa, na mshahara uliingia kama kawaida. Leo ana nyumba Fuoni. Langu pia lilichanika, miaka miwili baada ya lake.

Ilikuwa mechi ya jioni, robo ya tatu. Niliruka kuchukua rebaundi, mpira uliogonga ringi ukarudi, nikatua juu ya mguu wa mtu, goti likaenda upande wake na miye upande wangu. Nilisikia "ta!" kama unavunja kijiti cha muhogo. Klabu siitaji. Niliingia pale bila karatasi hata moja. Siku ya kwanza kiongozi mmoja alinishika bega akasema, "Mdogo wangu, hapa sisi ni ndugu, mikataba ya nini?" Na miye nikaona nimeheshimiwa! Mwezi wa kwanza baada ya kuumia nililetewa nusu ya posho. Mwezi wa pili nilipiga simu, ikapokelewa na maneno matamu. Mwezi wa tatu haikupokelewa. Nikapanda boti kurudi nyumbani, mguu nimeulaza juu ya begi, bahari imechafuka, kila wimbi nalihesabu kwa goti.

Na kosa jingine nililifanya mwenyewe. Usiku ule wa kuumia nilikuwa nakaa kwa ami yangu Magomeni ya Dar es Salaam. Mkewe, kwa huruma yake, akaita mkandaji. Nikakandwa kwa mafuta ya moto mpaka alfajiri, goti likaamka kama fenesi. Jamani, goti bichi halikandwi. Siku za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mguu juu ya mto, kupumzika, na kumwona daktari apime. Kano iliyokatika haiungwi na mikono ya mtu, hata awe fundi vipi. Ukikosa friji nyumbani, barafu wauza samaki wanayo.

Ndo maana siku hizi kijana akinijia na habari kuwa kapata timu, simuulizi mshahara. Namuuliza: siku goti likigoma, nani atakulipa, na limeandikwa wapi? Wengi huanza kucheka. Nikirudia, wananyamaza.

Mkataba usitaje mshahara peke yake. Utaje tarehe ya kulipwa, nani anagharamia matibabu, na ukiumia ukiwa kazini kwao malipo yanaendelea mpaka lini. Utaje unalala wapi na tiketi ya kurudi inalipwa na nani, maana tiketi ya kwenda kila mtu anaitoa. Uwe katika lugha unayoisoma, na nakala yenye saini zote ubaki nayo wewe, isikae kabatini kwa katibu. Kama timu ni ya nje, tafuta mstari unaosema mgogoro utapelekwa BAT. Hicho ni chombo cha usuluhishi kilichoanzishwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwaka 2007, makao yake Geneva. Hakikusikilizi kama mkataba wako haukukitaja, hata uwe umedhulumiwa namna gani. Ukiwa umekitaja, ukashinda, na klabu ikakataa kulipa, FIBA inaweza kuifungia kusajili wachezaji. Mstari mmoja tu huo, na nimewaona watu wazima wametia saini bila kuuangalia.

Mawakala nao. Wakala wa kweli ana leseni ya FIBA, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao kabla hujamkaribisha ndani. Yeye hula ukishakula wewe: anachukua asilimia ya ulicholipwa. Huko NBA kwenyewe sehemu ya wakala haizidi asilimia 4 ya mshahara. Basi anayetaka umpe kwanza yeye "ada ya majaribio", huyo biashara yake ni wewe. Miye nilitoa dola 300, fedha iliyotokana na mkufu wa mama yangu, kwa bwana mmoja mwenye suti nzuri. Majaribio yalikuwepo kweli, katika nchi jirani. Tulikuwa vijana wengi kama foleni ya mafuta, nafasi moja, na kocha alikuwa na mtu wake tangu mwezi uliopita. Mama hajawahi kuniuliza habari ya mkufu. Afadhali angeuliza.

Kuna karatasi nyingine vijana wetu hawaijui. Ukitoka nchi moja kwenda kucheza nchi nyingine, shirikisho la unakotoka ndilo litoe barua ya ruhusa. Zanzibar hatuna kiti chetu FIBA, kwa hiyo barua yetu inapitia TBF, shirikisho la Tanzania. Ukigombana na klabu yako ukaondoka usiku na boti ya mwisho, ujue barua utaifuata mchana kwa watu wale wale. Na aliye chini ya miaka 18, FIBA hairuhusu ahamie nchi nyingine kwa ajili ya kikapu isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwa hiyo mama, mtu akija kwako anataka kumchukua mtoto wa miaka 15 "akacheze Ulaya", mpe chai, pasipoti usimpe.

Mnaniuliza Afrika je? Tangu Mei 2021 ipo BAL, ligi ya Afrika ya NBA na FIBA. Ilianza Kigali na timu 12, na Zamalek ya Misri ikawa bingwa wa kwanza. Kwangu huo ndio mlango wa karibu. Kijana wa Unguja akitamba ligi ya Dar es Salaam, makocha wa nchi za jirani wanamwona, nauli ni ya basi, na vyakula anavijua. Marekani mlango upo pia, lakini unapita darasani: vyuo vya kule vinataka matokeo yako na Kiingereza chako kabla ya kuuliza unaruka kiasi gani. Anayetoroka skuli ili aje kwangu mazoezini namrudisha, na nimesharudisha watatu mwaka huu. Mmoja alikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Kanuna mpaka leo.

Ramadhani ikikaribia vijana hunisimulia kisa cha Hakeem Olajuwon, nyota wa NBA mzaliwa wa Nigeria. Kisa ni cha kweli. Mwaka 1995 mwezi wa Ramadhani uliangukia Februari, Olajuwon akacheza NBA huku amefunga, na Februari ile ile akatangazwa mchezaji bora wa mwezi. Wananisimulia ili niwape mazoezi makali saa kumi jioni. Nawajibu kuwa Olajuwon alikuwa na madaktari wa timu na ukumbi wenye kiyoyozi, na nyinyi mna jua la Unguja na saruji inayochoma miguu. Sisi Ramadhani tunacheza baada ya tarawehe, dakika 50, mbio chache, shuti nyingi, na maji kidogo kidogo mpaka daku. Anayekwenda moja kwa moja kwenye urojo kabla hajanywa maji nitamwona kesho yake kwa jinsi anavyokamatwa na misuli. Urojo wenyewe siukatazi, nami ni mtu wa hapa.

Wasichana wananiuliza mitandio. Zamani sheria za FIBA zilikataza kufunika kichwa uwanjani, na kuna wachezaji walioacha kwa sababu hiyo. Kuanzia Oktoba 2017 inaruhusiwa, kwa kitambaa cha kubana kisicho na pini. Pini ndo hatari, kwako na kwa mwenzio. Mtoto wa dada yangu anacheza hivyo, na kwa mitupo ya pointi tatu ananishinda. Baba yake alikuwa mgumu mwanzo. Siku hizi anakaa ukutani kule mwisho, anajifanya kapita tu.

Basi Jumatatu yule mama kaja na kijana wake. Nikamweleza haya kwa ufupi, tumekaa kwenye ngazi, kijana anadunda mpira kwa mkono wa kushoto na kuupoteza kila mara ya tatu. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, ukianguka hapa leo, nani anakulipa?" Nikatoa ufunguo wa duka mfukoni nikamwonesha. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia.

Kijana alikuwa anacheza na viatu vya skuli. Kwenye saruji hiyo ni kutafuta kuteguka kifundo, nikamtoa. Anavaa namba 47. Kesho yake tumezunguka mitumba yote ya Darajani miye, yeye na mama yake, na raba ya namba hiyo tuliyoipata ilikuwa ya mguu mmoja, wa kulia. Muuzaji katuambia turudi Ijumaa, mzigo mpya unaingia.