Nyasi zina mabonde na vipara: nianzie wapi?

SWALI: Uwanja wangu wa nyasi umeharibika. Una mabonde, vilima na vipara, na nikipitisha mashine ya kukatia inakwangua hapa, inaruka pale. Nimeshauriwa nimwage mchanga uwanja mzima kisha nipitishe rola nzito. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, na rola usiiguse kabisa. Rola haihamishi udongo wa kilimani ukajaza bonde. Inaushindilia tu, mizizi ikakosa hewa na maji yakatuama.

Tazama kwanza vipara viko wapi. Kama vingi viko juu ya vilima, usihangaike na dawa: ni kisu cha mashine kinakata hadi kwenye udongo kila kinapopita. Ukipanda nyasi mpya bila kukishusha kilima, utapanda tena na tena.

Kwenye bonde, laza ubao mnyoofu upime kina. Lisipozidi sentimita 3 hivi, fupisha nyasi, kisha tandaza udongo uliochekechwa, usiozidi sentimita 1 kwa mara moja. Usambaze kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zichungulie. Usipoziona, umezidisha, na nyasi zilizofukiwa hukosa mwanga zikafa. Ziache zikue, ndipo urudie. Inachosha, najua. Mchanga mtupu haushiki maji vizuri; tafuta udongo unaofanana na ule wa chini, uchanganye na mboji kidogo.

Bonde lenye kina zaidi linataka kufunuliwa. Kata kwa chepe umbo la herufi H, ukiingia kama sentimita 5, kisha funua pande mbili kama milango ya kabati, mizizi ikiwa imeshikana na udongo wake. Hapo usiwe na haraka ya kujaza. Chomachoma kwa nondo: ikizama kirahisi, huenda chini kuna kisiki kinachooza, shimo la fuko, au mtaro wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa. (Mafundi ujenzi nao hupenda kufukia vipande vya mbao.) Udongo ukiwa umelowa wakati hakujanyesha, shuku bomba linalovuja. Tatizo hilo likibaki, bonde litarudi.

Ukishalimaliza, jaza udongo tabaka kwa tabaka ukikanyaga kwa nyayo, upite usawa kidogo kwa sababu utashuka. Rudisha milango, ziba nyufa kwa udongo, mwagilia. Kilima ni kazi ileile, ila hapo unatoa udongo.

Fanya haya msimu ambao nyasi zinakua kwa kasi. Zikiwa za kutambaa, kama ukoka, vipara vidogo zitaviziba zenyewe. Zile za mafungu zinataka mbegu. Mashine isipite juu ya kiraka mpaka ukishike nyasi zake, uvute kidogo, na kisiinuke. Hata hapo, pandisha kisu.