Nyumba za mnada wa kodi Marekani: kabla hujanunua, elewa zinafikaje mnadani

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Detroit nyumba za mnada wa kodi huuzwa kuanzia dola 500, na kama sisi tulioko huku tuchangamkie. Bei hizo zimekuwepo kweli. Kazi yangu hapa Michigan, jimbo ilipo Detroit, ni kukagua hati za nyumba kabla hazijauzwa, na zile zilizopitia mnada ndizo zinazonisumbua kuliko zote. Naomba nijibu kwa urefu, maana nikikupa bei tu nitakuwa nimekuficha jambo kubwa zaidi.

Hapa Michigan kodi ya majengo isipolipwa, ikifika 1 Machi ya mwaka unaofuata deni linahamia kwa mweka hazina wa kaunti. Linaanza kupanda kwa asilimia 1 kila mwezi, juu yake ada ya asilimia 4. Mwaka wa pili riba inakuwa asilimia 1.5 kwa mwezi, tena inahesabiwa upya tangu deni lilipoanza. Mwaka wa tatu, kama hujaikomboa nyumba kwa kulipa deni hadi 31 Machi, kwa kawaida nyumba si yako tena. Mnada wa kwanza huanzia kwenye jumla ya deni na gharama. Isipopata mteja, inarudishwa mnada mwingine kwa bei ya kutupa, na ndiko zilikotoka hizo dola 500.

Sasa jiulize ni nani anayefikishwa hapo. Mwenye mkopo wa nyumba mara nyingi haguswi, kwa sababu benki hukata kodi kidogo kidogo ndani ya rejesho la kila mwezi na kuilipa yenyewe. Anayenaswa ni yule aliyemaliza mkopo wake: mzee mstaafu, mjane, au watoto waliorithi. Bili inamjia kwa mkupuo na hakuna wa kumkumbusha. Kwa hili naona utaratibu wa kwetu Tanzania tangu 2021, kodi ya jengo kukatwa kidogo kidogo kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla), una maana yake, ingawa mzigo wa mwenye nyumba humwangukia mpangaji na hilo nalo ni kero.

Detroit kuna la ziada. Katiba ya Michigan inataka thamani ya kutozea kodi isizidi nusu ya bei ya soko. Baada ya soko la nyumba kuporomoka mwaka 2008, jiji liliendelea kutoza kwa thamani ambazo hazikuwepo tena. Gazeti la Detroit News lilikokotoa mwaka 2020 kwamba wenye nyumba walitozwa zaidi kwa angalau dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Maana yake wapo watu waliopoteza nyumba kwa madeni ambayo sehemu yake hawakupaswa kudaiwa. Mimi hili linaniuma kila nikikutana na hati za miaka hiyo.

Utasema mahakama zimesharekebisha. Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Michigan ilimpa haki Rafaeli, mwenye nyumba aliyepunguza kodi yake kwa dola 8.41 tu. Pamoja na adhabu deni likafika dola 285, nyumba ikauzwa dola 24,500 na kaunti ikabaki na zote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, ikampa haki Geraldine Tyler, bibi wa miaka 94 wa Minneapolis. Deni lake lilikuwa limefika dola 15,000, nyumba ikauzwa 40,000, naye hakupewa hata senti. Majaji walisema serikali ichukue inachodai, ila ziada ni mali ya mwenye nyumba.

Lakini angalia jinsi Michigan ilivyoitekeleza haki hiyo. Mwenye nyumba lazima ajaze fomu ya kudai ziada, isainiwe mbele ya mthibitishaji, ifike kwa mweka hazina kufikia 1 Julai, tena kwa mkono au kwa barua ya rejista. Minada yenyewe hufanyika baada ya tarehe hiyo! Yaani unatakiwa udai chenji kabla duka halijafunguliwa. Baadaye bado uende mahakamani kuomba, na kaunti inakata asilimia 5 ya bei ya mauzo.

Faili moja lililopita mezani kwangu, katika kaunti ambayo sitaitaja, nyumba ilikuwa bado kwa jina la mama aliyefariki. Wanawe waliishi humo na mirathi haikufunguliwa. Notisi zilikuja kwa jina la marehemu, na nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo hawakuweza kuipata kwa kuwa majina yao hayakuwa kwenye hati. Nyumba ikauzwa kwa bei iliyozidi deni mara kadhaa, na fomu haikuwa imepelekwa. Ziada ikaishia kaunti, kihalali kabisa.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema marekebisho yamekamilika. Ziada irudishwe bila kuombwa; kaunti iliyoweza kumtafuta mwenye nyumba ili imdai inaweza kumtafuta ili imlipe. Nyumba inayokaliwa isipelekwe mnada wa bei ya kutupa, iuzwe na dalali kwa bei ya soko, kwa sababu ikiuzwa dola 500 hakuna ziada ya kurudisha hata sheria iwe nzuri vipi. Warithi wanaoishi ndani watambuliwe kabla ya hukumu ya kuichukua nyumba. Mapagala yaliyotelekezwa hayo wanadi tu, sina ugomvi.

Ukiamua kununua, nenda ukaione nyumba kwa macho na uulize majirani kama kuna anayeishi ndani. Hati ya mnada haikuhakikishii kitu, na kodi za mwaka huo za majira ya joto zinaweza kukuangukia wewe. Ukikuta familia ndani, waulize kwanza kama wamepeleka ile fomu na kama tarehe bado haijapita. Wengi hawajawahi kuisikia.