Niuze kompyuta mpakato ninunue kishikwambi?

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya wakulima, Morogoro. Kompyuta mpakato yangu niliyonunua 2019 imechoka. Betri haimalizi dakika 20, na nikiiwasha naweza kuchemsha chai nikanywa kabla haijafunguka. Kuna mtu ananiuzia kishikwambi cha "inchi 10 hivi", pamoja na kibodi yake ya kubandika, kwa laki saba na nusu. Kazi zangu ni Excel, barua, kuchapa hati na vikao vya Zoom. Mwenyekiti wetu anacho na anasema hahitaji kitu kingine. Nihamie huko?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwenyekiti wako hasemi uongo, ila yeye hupakuliwa chakula kikiwa kimeshaiva. Anasoma muhtasari, anatia saini kwa kidole, anajibu barua pepe kwa mistari miwili, anaingia Zoom. Kwa hayo kishikwambi kinatosha na kubaki. Jikoni uko wewe.

Nakuambia hivi kwa sababu yamenikuta. Nilipokuwa katibu muhtasi niliwahi kusafiri kikazi kwenda Dodoma kwa siku tano, mpakato nikauacha nyumbani makusudi, nikabeba kishikwambi tu. Siku mbili za kwanza nilitamba. Umeme ulikatika mchana, wenzangu wakaanza kuulizana nani ana chaja ya gari, mimi nimechomeka pawabanki ya simu na kazi inaendelea. Laini ya simu iko humohumo ndani, sikuomba bando la mtu.

Jumatano bosi akataka karatasi ya posho. Faili letu la Excel lilikuwa na kitufe cha makro: unakibonyeza, hesabu zote zinajipanga. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena kama mtu anayeita lifti. Kumbe Excel ya kishikwambi, kiwe cha Android au iPad, haiendeshi makro kabisa. Si ubovu, ndivyo ilivyo. Nikaanza kujaza kwa mkono majina 64, kibodi ya kwenye kioo imekula nusu ya jedwali, kidole kinagusa chumba cha jirani. Posho ya mkurugenzi ikatua kwa dereva. Dereva hakulalamika. Kuchapa nako ikawa hadithi nyingine: printa ya pale ilikuwa ya waya tu, nikaishia kutuma PDF kwa WhatsApp kwa kijana wa steshenari ng'ambo ya barabara.

Kibodi ya kubandika ingenipunguzia mateso ya vidole, lakini makro isingeamka. Ndiyo maana nakumbuka makarani wa sensa ya 2022. Wale walipewa vishikwambi na vikawafaa, kwa kuwa maswali yalikuwa yameshapangwa, kazi ni kuuliza, kugusa na kujaza. Kufunga hesabu za mwezi ni kazi ya aina nyingine.

Halafu hiyo "inchi 10 hivi" ichukulie rula, kona hadi kona. Kioo kikizidi inchi 10.1, programu za Word na Excel hukuruhusu kusoma bure, lakini kuhariri ni mpaka ulipie. Na mfumo wenu wa wanachama je? Kama mnaufungua kwenye kivinjari, sawa. Kama umesakinishwa kwenye Windows, kwenye hicho kishikwambi hautaingia.

Vipo vishikwambi vya Windows, mfano Surface Pro, vinavyoendesha programu za ofisini zilezile, ila bei yake ni ya kompyuta. Ukiona mtumba wa Surface RT ya 2012 kwa bei ya kutupa, pita kama hujaona: sura ni ya Windows, lakini programu za kawaida za Windows haikubali kusakinisha.

Mimi ningempelekea fundi huo mpakato kwanza. Kuchelewa kuwaka kiasi hicho kunanuka diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Mwambie akuwekee SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, na betri mpya, na kama memori (RAM) ni GB 4 aiongeze ifike 8. Simama hapohapo akifungua, na mafaili yako uwe umeyahamisha mapema. Ulizia bei zake ndipo umjibu muuzaji. Sidhani kama utafika hata nusu ya hiyo laki saba.

Bado moyo unakivutia kishikwambi? Basi nenda kwa muuzaji na flashi yenye nakala ya faili la marejesho ya mikopo, ondoa majina ya wanachama kwanza, pamoja na kile kiwaya cha kuichomekea. Kaa naye nusu saa. Lifungue, ingiza malipo kumi, chuja wadaiwa wa siku 90, kisha chapa ukurasa mmoja. Akikuambia "utajaribu ukishafika nyumbani", mwage.