Maswali yenu ya wadudu: miguu bandia, pembe na masikio ya kwa goti

Wiki hii inboksi imejaa wadudu, wengine mmetuma hadi picha ambazo sijui mlipigaje gizani. Nimechagua matano.

Dada wa Dunga, Kisumu: "Hawa wadudu wa ziwa wanaojaa kwa ukuta usiku wanauma? Watoto wanalia ati ni mbu."

Hawaumi dada. Kwa mbali ni mbu kabisa, lakini hebu shika mmoja umwangalie kichwa, mbu ana mrija mrefu umechomoza mbele, huyu hana, mdomo wake umefifia hadi kudunga mtu hawezi. Akitua pia, mara nyingi anainua miguu ya mbele, mbu ndiye huinua ya nyuma. Utaona wengine wana vipapasio vya manyoya manyoya, hao ni madume, manyoya yanawasaidia kusikia mlio wa mbawa za jike. Hata kwa mbu iko hivyo hivyo, dume ana manyoya na anakunywa tu maji matamu ya maua, anayekunyonya damu ni jike. Lakini neti usitoe, manake mbu wenyewe pia wako hapo hapo.

Mkulima wa Kimilili: "Shule tulifunzwa mdudu ana miguu sita. Kiwavi kwa mahindi yangu nimehesabu zaidi ya kumi, sasa huyo ni nini? Na nitajuaje kama ni yule kiwavi wa jeshi?"

Ni mdudu mzee wangu, mwalimu hakukudanganya. Mgeuze chali. Miguu ya kweli ni ile jozi 3 karibu na kichwa, ni miembamba, ina viungo na mwisho wake kuna kucha. Hiyo mingine ya kwa tumbo ni nyama tu, haina viungo, chini ina vindoano vidogo vidogo vya kushikilia jani, na huyu wa jeshi ana jozi 4 katikati na 1 huko mkiani, kwa hivyo ukijumlisha yote unapata 16. Akishakuwa nondo hiyo ya tumbo inapotea yote, anabaki na sita zake.

Sasa kumtambua. Huyu anayetusumbua asili yake ni bara la Amerika, Kenya alionekana 2017 na huku magharibi ndiko tulimjua mapema. Mwangalie usoni, kuna alama ya Y imepinduliwa, mkia wake ukiangalia juu. Halafu nenda nyuma, kipande cha pili kutoka mwisho, juu ya mgongo kuna madoa 4 meusi yamepangwa mraba. Ukipata zote mbili basi ndiye. Akiwa mdogo sana hizo alama hazionekani vizuri, hapo fungua moyo wa mmea wa mahindi, pale katikati majani machanga yanapotokea, utafute kinyesi kama vumbi la mbao, na usingoje akue, manake akishaingia ndani kabisa hata dawa haimfikii.

Kijana wa Shinyalu: "Nimeona mende mkubwa mwenye pembe msituni. Anadunga? Na uzito wote huo anaruka na nini?"

Huyo ni mbawakawa, na pembe ni ya dume, ya kusukumana na madume wenzake, hana haja na wewe. Mbawa anazo 4, ila mbili za mbele zimegeuka kifuniko kigumu na zile za kurukia zimekunjwa chini yake, anafungua kifuniko ndio anazikunjua. Halafu kuna Goliath, yule jitu wa msitu wa Kakamega, yeye hata kifuniko hafungui, anapitisha mbawa pembeni! Nairobi flai naye ni mbawakawa pia ila kifuniko chake ni kifupi mno, tumbo lote liko nje, ndio maana watu hudhani ni siafu wa rangi. Huyo usimponde kwa ngozi, sumu iko ndani ya mwili, mpulize aende.

Wa Lanet, Nakuru: "Buibui ni mdudu?"

Kwa biolojia hapana. Miguu 8, vipapasio hana, kichwa na kifua vimeshikana. Jongoo na tandu pia hawamo.

Mama wa Ugunja: "Mtoto anauliza panzi anasikia na nini, nimekosa jibu."

Mwambie inategemea panzi gani. Huyu wa kawaida wa vipapasio vifupi, sikio lake liko kwa tumbo, ni kiwambo kidogo kila upande, kimefichwa na mbawa karibu na pale mguu mkubwa wa nyuma unaanzia. Senene, yule wa vipapasio virefu kushinda mwili, yake yako kwa miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, utaona kamwanya kembamba. Na ukiona senene ana kitu kirefu kama upanga mkiani mtoto asiogope, huyo ni jike na hicho ni cha kutagia mayai, hakina sumu yoyote.