Vidudu kwenye matumbawe ya kitalu: tuwaue au tuwaache?

SWALI: Tunaendesha kitalu cha matumbawe. Vipande vingine vya Acropora, jenasi ya matumbawe yenye matawi, tunavitunza kwenye matangi ufukweni kabla ya kuvipanda. Siku hizi tunaona chembe ndogo za manjano zenye doa jekundu zikitambaa juu ya matawi, na vipande kadhaa vimepauka. Mwenzetu anashauri tutie dawa ya minyoo ya mbwa. Hawa ni wadudu gani, na tuwakusanyeje ili watambuliwe?

JIBU: Dawa isubiri. Kwa jinsi ulivyowaeleza, huenda ni kopepodi, jamaa wadogo wa kamba na kaa. Anayekaribiana zaidi na maelezo yako ni Tegastes acroporanus, mwenye urefu wa takriban nusu milimita, ambaye Arthur Humes, mtaalamu wa kopepodi, alimweleza kisayansi mwaka 1981 kutoka kwenye Acropora za Enewetak, Visiwa vya Marshall. Wanaofuga matumbawe kwenye matangi huko Marekani wanamfahamu vizuri, na hiyo dawa ya mbwa, milbemycin oxime, wamekuwa wakiitumia dhidi yake. Ni kweli inamuua. Lakini haichagui: inaua pia kaa wadogo wa Tetralia, wanaoishi katikati ya matawi ya Acropora na kuyalinda. Na kama maji ya matangi yenu yanarudi baharini, dawa nayo inakwenda huko. Mimi nisingeitumia hata kidogo katika tangi la namna hiyo.

Halafu, kumkuta kopepodi kwenye tawi lililopauka si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyelipausha. Zaidi ya spishi 300 za kopepodi zinajulikana kuishi na matumbawe magumu, na wengi wao hupatikana kwenye matumbawe yenye afya. Pimeni kwanza joto la maji mchana na usiku. Mwaka 1998 miamba ya pwani yetu ilipauka kwa wingi kwa sababu ya joto la bahari.

Sasa kuwakusanya. Kata kitawi cha urefu wa kidole, kitie peke yake kwenye mfuko wenye maji ya bahari, kisha ongeza ethanoli mpaka iwe kama asilimia 5. Kopepodi watalegea na kuachia. Tikisa, mimina maji kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 60 hadi 100, na kilichobaki kiangalie kwa hadubini kwenye kisahani. Ukiona mwenye kifuko cha mayai, kimoja au viwili, huyo ni jike aliyekomaa; mtunze vizuri, kwa sababu utambuzi unategemea sana waliokomaa. Wahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95. Formalini inaharibu DNA. Usichanganye matawi ya matumbawe mawili tofauti kwenye mfuko mmoja, hata kama yanafanana, kwa kuwa kopepodi wengi huchagua mwenyeji, yaani aina ya tumbawe wanaloishi, na jina la tumbawe humpunguzia mtambuzi kazi kubwa sana. Piga picha ya tawi kabla ya kulikata.

Hapo utakuwa umewapata wa juu tu. Wako wengine ambao jicho haliwaoni kamwe: jenasi Xarifia, wenye mwili mrefu kama mnyoo na miguu iliyopungua, wanaoishi ndani ya polipu, yaani wanyama wadogo laini wanaounda tumbawe. Watafiti wa Taiwan waliochunguza tumbawe liitwalo Pocillopora damicornis waliwakuta na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya tumbawe, ukiwa tumboni mwao, kwa hiyo yaelekea ndio chakula chao. Hawa ndio wanaonivutia kuliko wote, na nakuomba msiwasahau. Ili kuwapata, kiache kitawi kwenye ule mchanganyiko kwa saa kadhaa, au kihifadhi kwanza kisha yeyusha kiunzi chake kwa asidi hafifu. Chokaa ikiisha, nyama ya polipu inabaki na unaweza kuichambua kwa sindano.

Majina mengi ya kopepodi wa upande wetu wa Bahari ya Hindi yanatokana na kazi ya huyo huyo Humes huko Nosy Be, Madagaska, kwa hiyo mtambuzi wenu aanzie kwenye maandiko ya kisiwa hicho. Kama atakuwa nje ya nchi, mpelekeeni kopepodi waliokwisha kutenganishwa, si tawi zima: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali.